Chupa Nane za Mti wa Kuka

Senge Edinah hukata kucha zake kila Jumapili mpaka nyama ya chini ionekane. Senge ni dada ya baba. Ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu Bungoma. Nilipomwuliza kama haumii, alisema anaumia Jumatatu tu, spiriti ikimgusa, halafu vidole vinazoea. Chini ya ukucha mmoja, akasema, kuna wadudu wengi kuliko watu wa Kitale, na mmoja tu akiingia kwenye chupa, mche umekwenda.

Nimeishi naye Kitale tangu nilipoingia kidato cha kwanza, na sasa niko cha tatu. Kazi yake ni kukuza miche ndani ya chupa katika maabara moja iliyo nje ya mji. Aliajiriwa pale kuosha chupa. Miaka minne aliosha, huku akitazama mikono ya wenzake kupitia kioo, mpaka mmoja wao alipoenda kujifungua, ndipo Bwana Kinyua, msimamizi, akauliza nani anaweza kukata vichipukizi vya migomba. Senge akanyoosha mkono. Hakuwa amewahi kushika kisu cha maabara. Siku hiyo alikata chupa thelathini, na hakuna hata moja iliyoota ukungu. Cheti hana mpaka leo. Mume naye hana; alihamia Eldoret akapotelea huko, na mtoto hawakupata.

Mwaka huu, kati ya maelfu ya chupa zilizopangwa kwenye rafu za kampuni, nane zilikuwa zake. Ndani ya kila moja kulikuwa na kichipukizi cha parachichi, kifupi kuliko kidole gumba, kimesimama kwenye jeli bila mzizi hata mmoja. Vikitoa mizizi, mti wa Kuka Zachary ungeishi. Visipotoa, basi. Mti wenyewe ulikuwa Ndalu, na ulikuwa unakufa.

Kuka Zachary ni babu yetu, baba yake Senge. Alipopata shamba la skimu ya makazi huko Ndalu aliukuta mti umesimama tayari, na hakuna aliyejua nani aliupanda. Matunda yake yalikuwa madogo, meusi, yamejaa nyuzi. Ukila unashinda ukichokoa meno. Hakuna aliyeuringia. Kisha watu wa Ndalu na Tongaren wakachoka na mahindi, wakaanza kupanda parachichi za kuuza nje, na mwaka ule wa mvua kubwa maji yakakaa mashambani wiki tatu. Mizizi ikaoza. Kufika Krismasi, miti ya majirani ilikuwa imesimama kama mifagio. Mti wa Kuka ulisimama ndani ya maji yale yale, na mwaka uliofuata ukazaa kama kawaida.

Senge ndiye aliyeona maana yake. Mti huu usiwe wa kula, alisema, uwe wa kukaa chini. Juu yake unaunganisha tawi la parachichi tamu, na mkulima wa Ndalu haogopi mvua tena.

Mimi nikaanza maswali yangu. Si wapande mbegu zake? Walipanda. Mbegu ya parachichi haimfuati mama yake, na miche kumi na minne ilioza kama ya majirani. Si wakate tawi waliunganishe kwenye mti mwingine? Hapo utakuwa umeokoa majani, alinijibu, na nguvu haikuwa kwenye majani. Si wachomeke vijiti kwenye mchanga? Vilioza vyote. Ilibaki chupa.

Februari ya mwaka jana Kuka akafariki.

Wazee wa ukoo walikaa wakasema mwenye boma atalala mbele ya nyumba yake, mkono wa kulia ukitoka mlangoni. Mkono wa kulia ukitoka mlangoni ndipo mti uliposimama. Vijana walikuwa wameshavua mashati na kushika majembe wakati Senge alipotoka jikoni na unga mikononi.

"Ndugu zangu, sogezeni hatua nne," akasema. "Nne tu. Mizizi ya huu mti iko hapo chini."

Wabwile, ambaye ni baba yangu na ndiye mkubwa wao, akamtazama kama mtu aliyeamshwa vibaya. "Edinah. Ati baba asogezwe kwa sababu ya ovakado?"

"Si ovakado, kaka. Ni—"

"Huyu alisoma chupa," mzee mmoja akasema, "hakusoma watu." Watu wakacheka. Hata matangani watu hucheka, nimegundua.

Senge akapiga magoti kwenye udongo, na nadhani hilo lilimkasirisha baba zaidi, kwa sababu wageni walikuwa wanaona. Wakachimba pale pale. Jembe lilipogoma wakatumia panga, wakatoa mizizi minene kama mkono wangu, mmoja baada ya mwingine, wakaitupa upande wa migomba. Ilikuwa myeupe ndani na inatoa maji. Niliihesabu mpaka sita kisha nikaacha.

"Kwani shida iko wapi?" baba akamwambia, akipangusa jasho. "Si uko na dawa huko Kitale? Toa ingine kwa chupa. Huko ndiko unazaliaga."

Hilo lilikuwa limepita mpaka, na yeye pia alijua.

"Nitatoa," Senge akasema. "Nitaupanda hapa hapa kabla huu haujakauka. Muwe mashahidi."

Wiki ile ile alikata machipukizi sitini, akayafunga kwenye gazeti lenye unyevu, akarudi nayo Kitale.

Hapa lazima nieleze kinachoendelea ndani ya chupa, maana mimi mwenyewe nilidhani ni maji na bahati. Ni jeli. Imechanganywa na sukari, na chumvi zile ambazo mmea hula ardhini, na homoni. Homoni moja inauambia mche utoe matawi. Nyingine inauambia utoe mizizi. Ukiziweka pamoja zinagombana, kwa hiyo kwanza unaufanya utoe matawi, unayakata, kisha unayapeleka kwenye jeli ya pili yenye homoni ya mizizi peke yake. Hiyo ya mizizi ni unga mweupe. Unayeyushwa kwa spiriti kwanza kwa sababu unakataa maji. Kipimo ni miligramu moja kwa lita nzima. Miligramu moja ni kama chembe mbili za sukari! Nilimwuliza Senge chembe mbili za sukari zinawezaje kuamrisha lita nzima.

"Haiamrishi," akasema. "Mche unanong'onezwa. Siku tano, gizani. Ukishasikia, unautoa haraka unauhamisha kwenye jeli tupu. Ukiendelea kuusemesha, unachanganyikiwa."

Ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake. Aliyajua hayo yote.

Katika machipukizi sitini, mengi yaliota ukungu, na mengine yaligeuza jeli ikawa rangi ya chai isiyo na maziwa, yakafa humo. Tisa yalipona. Kwa mwaka mmoja aliyazalisha, akiwa na rafu moja ya chini ambayo Bwana Kinyua alimwachia kwa hisani. Akajaribu mizizi mara tatu. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili hakuna. Mara ya tatu, kwenye vichipukizi viwili, vikatokea vinundu vyeupe vidogo kama ncha ya sindano, halafu vikakauka. Baada ya majaribio hayo zikabaki chupa nane.

Bwana Kinyua aliviona kwa kioo cha kukuzia. Familia yake ni watu waliotoka Nyeri zamani wakakaa Trans-Nzoia, na huongea polepole kama mtu anayepima dawa. Nilikuwa nimepita pale kuchukua ufunguo wa nyumba, nikamsikia.

"Uko karibu, Edinah. Ongeza kidogo. Moja na nusu, usipite hapo. Chukua nne, hizo zingine nne uziache kwa ile ya matawi, zikuzalie."

"Sawa, bosi."

"Na rafu naihitaji mwezi wa nane. Kuna viazi vya watu."

"Sawa."

"Edinah, na usikimbie. Hii si shamba ya mahindi."

Lakini likizo ya Aprili tulikuwa tumeenda Ndalu, na Senge alikuwa ameuona mti. Upande wa kaburi ulikuwa umekauka wote. Upande wa pili ulibaki na matawi mawili yenye majani, na majani yenyewe yalikuwa yamekunjwa kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Alizunguka akitafuta chipukizi la kukata, hata moja la akiba. Hakupata.

Kukhu Bilha, nyanya yetu na mama yao Senge na baba, alikuwa amekaa mlangoni akipeta maharagwe. Tangu mazishi alikuwa akimpigia Senge simu kila Jumatano, na swali lake lilikuwa moja. Sasa akaliuliza uso kwa uso.

"Mutoto ametoa miguu?"

"Bado, Mama."

"Bado ya ngapi hiyo? Mimi nitaenda kulala hapo kando ya mzee bila kivuli?"

"Mama, hutaenda popote."

"Haya. Mwambie huyo mutoto wako aache kiburi. Mwaka muzima anakula sukari ya watu, anakataa kusimama!" Akacheka mwenyewe mpaka maharagwe yakamwagika. Kisha akaacha kucheka. "Wabwile ameongea na Levi, ule wa msumeno. Anasema mti ikianguka na upepo itavunja nyumba. Nimemwambia angoje. Atangoja mpaka lini, sijui."

Baba alikuja jioni, akaulizia afya ya kila mtu isipokuwa chupa.

Mei, siku moja baada ya shule, nilimkuta Senge nyumbani mapema, amekaa kitandani na viatu. Bwana Kinyua alikuwa Nairobi wiki hiyo. Senge akaniambia vichipukizi vyote vinane vimeanza kuwa manjano.

"Sasa utafanyaje?"

"Nimeshafanya. Nimevipeleka kwa mizizi."

"Vinne?"

"Vyote. Vikibaki vitakufa tu."

"Kwa moja na nusu?"

Alivua kiatu kimoja. "Nne," akasema.

Nilijua kuzidisha namba, kwa hiyo nilishtuka. Lakini pia nilimjua Senge. Amekua Ndalu, kwenye mahindi. Huko jani likiwa manjano hakuna mkutano: unachukua kifuniko cha chupa ya soda, unaongeza mbolea kwenye kila shina, na baada ya wiki shamba ni kijani mpaka linakaribia kuwa jeusi. Amefanya hivyo tangu akiwa na miaka sita. Mikono yake ilikuwa imejifunza maabara kwa miaka tisa, lakini siku ile alipoogopa ilirudi shambani.

Na siku tano zilipoisha, hakuvitoa. Aliviacha gizani, ndani ya sanduku, siku kumi na mbili, vishibe.

Lililonisikitisha zaidi ni furaha iliyofuata. Alipofungua sanduku, chini ya kila shina palikuwa pamevimba. Vyote vinane! Alinipigia simu kwenye nambari ya mwalimu wa zamu, kitu ambacho hajawahi kufanya, akasema, "Vimevimba! Vyote vimevimba!" na mimi nikapiga kelele ofisini hadi nikapewa adhabu ya kufagia bwalo. Jioni hiyo alimpigia Kukhu ingawa haikuwa Jumatano. Nilisikia sauti ya Kukhu ikitoka kwenye simu kama redio: "Ameanza miguu! Phelista, njoo usikie, ameanza miguu!" Phelista ni jirani yake wa kanisani. Kufikia Jumapili kanisa zima la Ndalu lilikuwa limeomba kwa ajili ya chupa nane.

Uvimbe uliendelea. Ukawa mkubwa kuliko shina lenyewe, mweupe, wa chengachenga, kama ugali uliovunjwavunjwa. Mizizi haikutoka. Majani yakaanza kudondoka moja moja ndani ya chupa na kukaa juu ya jeli.

Bwana Kinyua aliporudi alichukua chupa moja, akaiinua kwenye taa, akaiweka chini. Akachukua ya pili. Hakufika ya tatu.

"Uliweka ngapi?"

"Nne."

"Zote?"

"Zote."

Senge aliniambia angependelea amgombeze. Hakumgombeza. Alikaa kwenye stuli, akavua miwani. "Hii si mizizi, Edinah. Ni nyama tu. Mche umeambiwa kwa kelele, umejenga bila kujua unajenga nini." Kisha akasema jambo ambalo Senge alilirudia nyumbani mara nyingi, akipika, akifua: "Ulikuwa umebakisha hatua moja."

Senge alijaribu kuviokoa. Alikata uvimbe, akavihamishia kwenye jeli tupu kimoja kimoja. Sita vikafa ndani ya Juni. Cha saba kikafa Julai mwanzoni. Cha nane kikabaki na majani mawili na uvimbe kidogo alioshindwa kuukata bila kukata shina, na asubuhi moja, kutoka kwenye ule uvimbe, ukatoka mzizi. Mzizi wa kweli, mweupe, urefu wa punje ya mchele, na baada ya wiki mbili urefu wa njiti ya kiberiti.

Nilimwuliza kwa nini hafurahi. Akanipa kioo cha kukuzia, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Mzizi ulikuwa umeota kwenye uvimbe. Haukuwa umeota kwenye shina. Katikati hapakuwa na njia.

"Ni kama bomba ambalo halijafika kwenye tanki," akasema. "Ndani ya chupa hautajua. Jeli inaulisha kila mahali. Ukiupeleka kwa udongo, siku mbili, tatu, umelala."

"Na Kukhu anajua?"

"Kukhu ameona picha."

Hiyo picha nilikuwa nimeituma mimi, kwa simu ya Senge, kabla sijaelewa. Nilikuwa nimeandika: *Mguu!!!*

Agosti tukaenda Ndalu, Senge amebeba chupa kwenye kikapu cha mayai, imefungwa kwa sweta. Nadhani mpaka tunafika langoni hakuwa ameamua. Kwa sababu shimo lilikuwa tayari. Kukhu alikuwa amelichimbisha karibu na kaburi, limejazwa samadi iliyooza vizuri, na kandokando amepanga mawe meupe. Phelista na akina mama wengine watatu walikuwa wamekuja na vitambaa vya kichwa vya Jumapili. Na nyuma yao, karibu na mti, amekaa Levi na msumeno wake wa petroli kati ya miguu, na baba amesimama na mikono mfukoni.

Mti haukuwa na jani hata moja.

"Haya, leta mutoto," Kukhu akasema.

Senge angeweza kuupanda. Mimi nililiona wazi hilo, na naamini yeye pia. Angeupanda, wangeimba, jioni tungerudi Kitale, na baada ya siku tatu mche ungelala, na kuku wangelaumiwa, au jua. Baba angekuwa amesikia mbele ya mashahidi wale wale kwamba dada yake alitimiza.

Alifungua chupa. Akashika kichipukizi kwa vidole viwili, akakivuta polepole. Shina likatoka. Uvimbe na mzizi vikabaki kwenye jeli.

Akamwekea Kukhu lile shina kwenye kiganja.

"Haina miguu, Mama. Huo mguu haukuwa wake."

Akina mama wakatazamana. Phelista akasema, "Si ni kurudishia tu?"

"Hairudishiki."

"Kuna ingine?" Kukhu akauliza.

"Hakuna. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nilizidisha dawa. Bosi alinikataza, nikazidisha. Zilikuwa zinataka kusimama, mimi ndio nimeziua."

Baba akafungua mdomo. Nilijiandaa, maana najua maneno yake yanavyokuja. Lakini aliutazama mkono wa Kukhu na lile shina dogo lenye majani mawili, akageuka upande wa barabara.

"Kwa nini uliongeza?" Kukhu akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Ilikuwa manjano, Mama."

Kukhu akatikisa kichwa, mara nyingi, taratibu. "Ikiwa manjano unaongeza," akasema. "Ni mimi nilikuonyesha hiyo. Na kifuniko cha soda." Akakunja kiganja.

Hakuna aliyeimba. Akina mama walikaa kidogo kwa heshima, kisha wakaaga. Levi akasimama, akazunguka mti akiupima kwa macho.

"Mama, iangukie wapi? Hapa ni nyumba. Hapa ni jikoni. Hapa..." Hakumalizia, kwa sababu upande huo alikuwa Kuka.

"Kwa migomba," Kukhu akasema.

Baba na Levi walifunga kamba. Msumeno uliwaka, ukazima, ukawaka. Mti ulianguka juu ya migomba na kuvunja mitano, na vumbi lililotoka ndani yake lilikuwa la kahawia, kavu kama ugoro. Levi akasema mti kama huu hata kuni zake zina moshi tu.

Walipoanza kukata matawi, Senge aliingia jikoni akatoka na kisu. Akapiga magoti kwenye kisiki, akakwangua ganda chini kabisa, pale linapokutana na udongo, akitafuta kijani, mahali palipo hai panapoweza kuchipua. Kahawia. Akasogea upana wa kiganja, akakwangua tena. Nikamfuata nikipiga magoti upande mwingine, akaniambia nisimame, nitachafua sketi. Alisogea hivyo, kiganja kwa kiganja, akapita upande wa nyumba, akapita upande wa jikoni. Upande wa kaburi alikwangua ndani zaidi, hadi udongo ukaingia kwenye ngozi ya vidole vyake. Msumeno ulikuwa umezimwa na tulimsikia vizuri: kwaru, kimya, kwaru, kimya.

Alipofika alipoanzia, alifuta kisu kwenye nyasi akamrudishia Kukhu.